Master Brewer: niliyoyaona nikiusomea Jinja, Uganda

Kila nikiulizwa kama Master Brewer, cheti cha juu cha sisi watengenezaji wa bia, ina faida, nami huuliza: kazini unasimamia nini? Kama ni jikoni tu, pale kimea kinapopikwa, tulia na Diploma kwanza. Ngazi za Chartered Institute of Brewers and Distillers, chama cha London chenye mizizi ya mwaka 1886, zimepangwa hivyo makusudi. General Certificate ni ya msingi, Diploma inaingia kwenye sayansi yenyewe, na juu kabisa kuna Master Brewer, au Master Distiller kwa wenzetu wa spiriti, ya mtu anayebeba kiwanda kizima.

Na kizima ni kizima kweli. Mimi nimelelewa kwenye matangi ya kuchachushia, hamira ndiyo ninayoijua, ila mtihani haujali ulikotokea. Unaulizwa boila, majitaka, laini ya chupa, bajeti ya ukarabati, sheria na usalama wa wafanyakazi. Mengi nimeyapata kwa mzee wetu wa boila, ambaye zamani tulikuwa tunaishia kwenye "shikamoo, mzee". Alinishika mkono akanizungusha kufuata bomba la mvuke hadi pale unaporudi ukiwa maji ya moto, akanionyesha kipande kilichovuliwa koti lake la kuzuia joto. Sogeza kiganja tu, unahisi mafuta ya kampuni yanavyopotea hewani. Hilo likaingia kwenye majibu yangu ya nishati karibu kama lilivyo.

Utamu wake hasa ni kwamba unalazimika kutoa sababu. Chukua mtama. Bia za mtama Uganda si jambo geni, Eagle Lager ipo sokoni tangu 2002. Wanga wa mtama hautaki kulainika mpaka joto lipite nyuzi 70 hivi, na kufikia hapo baadhi ya vimeng'enya vya kimea cha shayiri, vile vinavyogeuza wanga kuwa sukari, vimeshakufa. Basi unaupika peke yake kwanza, au unaongeza vimeng'enya vinavyostahimili joto. Halafu mtama hauna ganda la nje kama la shayiri la kusaidia kuchuja, kwa hiyo aina ya chujio nayo inabadilika. Haya yote nilikuwa nayafanya kila zamu kwa kufuata karatasi ya kazi.

Au huku kuchemsha. Jinja tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanatokota kwenye nyuzi 96 hivi. Hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, hutoa uchungu wake polepole zaidi, kwa hiyo dakika zilizoandikwa na mtu wa pwani ya Ulaya hazikupi bia ileile hapa. Nadhani mtahini hufurahi kuona umelijua hilo kwenye sufuria yako mwenyewe.

Sasa upande wa maumivu. Ada ni kwa pauni, na shilingi yetu mnaijua. Kilichoniudhi zaidi ni kampuni moja iliyotuuzia masomo ya maandalizi: makaratasi ya zamani, na maswali yetu kwa barua pepe hayakujibiwa hata moja. Pesa hiyo ningekunywa! Kilichotusaidia ni kundi la WhatsApp la watu wa viwandani, Wakenya na Watanzania wengi humo, tunabishana kwa Kiswahili usiku kuhusu oksijeni kwenye chupa, kisha kila mtu anakwenda kuandika Kiingereza chake.

Mshahara wangu haujapanda kwa sababu ya cheti, niseme wazi. Ila kwenye mikutano ya bajeti siku hizi nasikilizwa mpaka mwisho, maana nakuja na hesabu ya maji na umeme kwa kila lita ya bia.

Wewe unayefikiria kuanza, kabla hujalipa chochote mwombe meneja wako akuruhusu ushinde kwenye laini ya chupa na kwa watu wa majitaka. Akikataa, hiyo ada iache benki kwanza.