Uzoefu Wangu na Darasa la Kijerumani la Watoto Siku za Jumamosi, Arusha

Watoto wangu wawili, binti aliye darasa la nne na mdogo wake aliye darasa la kwanza, wamekuwa wakijifunza Kijerumani kila Jumamosi asubuhi tangu mwaka jana, katika darasa linaloendeshwa kwenye ukumbi wa kukodi hapa mjini Arusha. Ninaandika maelezo haya kwa ajili ya wazazi wenzangu, kwa kuwa wakati nilipokuwa ninatafuta darasa sikupata neno lolote lililoandikwa na mzazi mwenyewe. Nilichokutana nacho ni vipeperushi vyenye ahadi nyingi. Nitangulize hukumu yangu: mkubwa amenufaika sana, mdogo amenufaika kidogo, na tofauti hiyo imetokana zaidi na namna darasa lilivyopangwa kuliko uwezo wa watoto wenyewe.

Sababu ya kuchagua Kijerumani ni ya nyumbani kwetu. Mume wangu ni mwongoza watalii, na kwa kazi hiyo wageni kutoka Ujerumani, Austria na Uswisi ni wa kila msimu, iwe ni kwenda Serengeti au kupanda Kilimanjaro. Yeye alijifunza lugha hiyo akiwa mtu mzima, usiku baada ya kazi, kwa masomo ya bure ya Deutsche Welle na kwa kuwasumbua wageni wake kwa maswali, na hadi leo anasema kwamba matamshi ndiyo yaliyomshinda. Alitaka watoto waanze wakiwa bado na masikio mepesi. Wapo waliotuuliza kwa nini tusiwaongezee Kiingereza badala yake, na jibu letu ni kwamba Kiingereza watakipata shuleni kwa vyovyote vile.

Kabla sijaeleza ufundishaji, ni vyema mzazi afahamu kiasi cha muda kinachohitajika, maana hapo ndipo vipeperushi vinapopotosha. Viwango vya lugha vinavyotumika Ulaya, vilivyochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, vinaanzia A1 na kuishia C2. Kwa kiwango cha kwanza kabisa, A1, Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani inayofundisha na kutahini Kijerumani, hukadiria kwamba mwanafunzi anahitaji kati ya vipindi 80 na 200 vya dakika 45, kulingana na alichokuwa nacho tangu mwanzo. Darasa letu lina vipindi vitatu kila Jumamosi. Ukigawanya, hata mtoto mwepesi kabisa anahitaji Jumamosi 27 zisizokatika, na yule anayekwenda taratibu anahitaji zaidi ya 60, na hapo bado hujatoa likizo, sikukuu na siku za homa. Kwa hiyo darasa lolote la mwisho wa wiki linalokuahidi kwamba mtoto atazungumza Kijerumani kwa ufasaha baada ya miezi mitatu linakuahidi jambo lisilowezekana. Ninalipongeza darasa letu kwa sababu mwalimu mkuu alinieleza hesabu hii siku ya kwanza, kabla hajapokea ada.

Mwalimu huyo ni Mtanzania aliyesomea Kijerumani, na kwa maoni yangu yeye ndiye thamani kubwa ya darasa zima. Nilidhani mwanzoni kwamba mwalimu mzawa wa Ujerumani angekuwa bora, lakini baada ya kukaa nyuma ya darasa mara kadhaa nimeona faida ya kufundishwa na mtu anayejua mtoto anatoka wapi kilugha. Chukua suala la jinsia ya nomino, yaani kila nomino ya Kijerumani kuwa katika kundi moja kati ya matatu, lenye kibainishi chake mbele ya neno, der, die au das, ambalo huwatesa sana wanaojifunza Kijerumani kwa kupitia Kiingereza. Mwalimu aliweka vikapu vitatu sakafuni, cha buluu kwa ajili ya der, chekundu kwa ajili ya die na cha kijani kwa ajili ya das, kisha akatoa kijiko, uma na kisu kutoka mfukoni. Kijiko, der Löffel, kikaingia kikapu cha buluu. Uma, die Gabel, ukaingia chekundu. Kisu, das Messer, kikaingia cha kijani. Mtoto mmoja akauliza kwa nini vitu vya meza moja vitengane, na mwalimu akamrudishia swali: kwa nini tunasema kijiko hiki na kisu hiki, lakini uma huu? Watoto wakanyamaza, kisha wakaanza kutaja ngeli wao wenyewe, kiti kizuri, mti mzuri, gari zuri. Mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili tayari anajua kwamba nomino ina kundi lake na kwamba maneno yanayoizunguka hulifuata kundi hilo. Kinachobaki ni kukariri kundi pamoja na neno. Tangu siku hiyo binti yangu hajifunzi neno jipya bila kibainishi chake.

Hali ni hiyo hiyo katika kusoma. Kijerumani, kama Kiswahili, husomwa kwa kiasi kikubwa jinsi kilivyoandikwa, na vokali zake za msingi haziko mbali na zetu, kwa hiyo mtoto anayesoma Kiswahili vizuri huanza kusoma Kijerumani kwa sauti mapema kuliko alivyoweza kusoma Kiingereza. Yapo ya kuzoea: w husomwa kama v yetu, z husomwa kama ts, na v katika maneno mengi husomwa kama f. Sauti ya ch katika neno Buch ni jirani wa kh tunayoisikia katika kheri, na watoto waliopitia madrasa waliitamka bila taabu. Iliyowasumbua ni ü. Mwalimu aligawa vioo vidogo, akawaambia watamke i ndefu, kisha wakunje midomo kana kwamba wanataka kutamka u, bila kuuondoa ulimi mahali ulipo. Darasa zima likabaki likijitazama kwenye vioo kwa dakika nyingi, na wengi waliipata siku hiyo hiyo. Tatizo jingine, ambalo nililisikia kwa watoto wote, ni kuongeza vokali mwishoni mwa neno, yaani gut kuwa guti na Heft kuwa hefti. Hilo hurekebishwa kwa kupiga kofi moja kwa kila silabi. Ukipiga makofi mawili kwa gut, umekosea, na mtoto analisikia kosa lake bila kukemewa.

Somo lililonivutia kuliko yote ni la saa. Mtoto wa Kitanzania ana namna mbili za kutaja saa hata kabla ya kukutana na Kijerumani: nyumbani anasema saa mbili na nusu asubuhi, na shuleni kwa Kiingereza anaambiwa ni nane na nusu. Sasa Mjerumani anaiita saa hiyo hiyo halb neun, akitaja tisa, kwa sababu nusu yake ni ya kuiendea saa inayofuata. Niliogopa kwamba watoto wangechanganyikiwa. Mwalimu alichora kwa chaki duara kubwa sakafuni, akaandika namba 1 hadi 12, akamsimamisha mtoto mmoja katikati ya 8 na 9, akamwambia ageuke atazame mbele. Unaiona namba gani? Tisa. Umefika? Bado nusu. Basi, halb neun. Kila mtoto akasimamishwa mahali tofauti, akageuzwa, akataja. Baada ya hapo wakaunganisha na ratiba zao za kila siku, na hapo ndipo kitenzi aufstehen, yaani kuamka, kilipoingia, kitenzi ambacho hupasuka vipande viwili ndani ya sentensi: Ich stehe um halb sieben auf, ninaamka saa kumi na mbili na nusu. Binti yangu alirudi nyumbani akitaja saa za familia nzima, na baba yake, ambaye anakiri kwamba aliwahi kuchelewa kumpokea mgeni kwa sababu ya halb, alimsikiliza kwa furaha kubwa.

Mpangilio wa maneno nao hufundishwa kwa mwili. Watoto wanne husimama mstarini, kila mmoja ameshika kadi yenye neno: ich (mimi), esse (ninakula), heute (leo), Reis (wali). Mwalimu akimwita heute aje mbele, ich analazimika kuhamia nyuma ya kitenzi, ila aliyeshika kitenzi haruhusiwi kutoka nafasi ya pili hata akisukumwa: Heute esse ich Reis. Nimewaona watoto wakishindania kadi ya kitenzi. Kanuni hii, ambayo vitabu vya watu wazima huieleza kwa kurasa kadhaa, waliishika bila kuelezwa kuwa ni kanuni.

Jambo dogo ambalo mzazi atalikuta nyumbani ni herufi kubwa. Kijerumani huandika kila nomino kwa herufi kubwa, na mwalimu huwatumia watoto herufi hizo kutafuta nomino ndani ya aya wasiyoielewa bado. Ni mbinu nzuri, ingawa mwanangu mdogo aliandika “Mama amepika Wali” kwenye daftari la shule yake ya kawaida na kusahihishwa kwa kalamu nyekundu. Ilichukua muda kabla hajatenganisha desturi hizo mbili.

Ninathamini pia kwamba adabu zetu hazikuachwa mlangoni. Watoto huingia kwa “Shikamoo, Mwalimu”, huitikiwa marahaba, kisha Kijerumani ndipo kinapoanza. Sherehe za Kijerumani hupewa nafasi yake: tarehe 11 Novemba, ambayo huko ni siku ya Mtakatifu Martin, watoto walitengeneza taa za karatasi kwa maboksi ya maziwa na kutembea nazo uwanjani jioni. Kwa kuwa darasani wamo Wakristo na Waislamu, hadithi ya Martin kumgawia maskini nusu ya joho lake ilisimuliwa kama hadithi ya ukarimu, na sikusikia mzazi aliyelalamika.

Sasa kasoro, na ziko za uzito. Ya kwanza ni umri. Mwanangu wa darasa la kwanza aliwekwa pamoja na watoto wa miaka minane na tisa, kwa sababu waliojiandikisha hawakutosha kufungua kundi la wadogo. Katika nyimbo na michezo alikwenda nao sambamba, lakini kipindi cha tatu ni cha kuandika, na mtoto ambaye bado anaunganisha silabi za Kiswahili hawezi kuandika sentensi za Kijerumani. Alikuwa akikaa kimya, anachora. Nilipozungumza na uongozi niliambiwa kwamba atazoea. Hakuzoea, na sidhani kwamba ni haki kumtoza mtoto huyo ada sawa na ya wenzake.

Ya pili ni walimu wasaidizi. Hawa ni vijana wa kujitolea kutoka Ujerumani, wanaokuja kupitia mipango kama weltwärts, ulioanzishwa na serikali ya nchi hiyo mwaka 2008. Kwa kawaida hukaa mwaka mmoja. Wana moyo, watoto wanawapenda, na masikio ya watoto yanafaidika kusikia Kijerumani cha mzawa. Hata hivyo wengi wao ndio kwanza wamemaliza shule, hawajasomea ualimu, na mtoto anapowazoea wanaondoka. Wakati mwalimu mkuu alipougua, darasa liliachwa mikononi mwao kwa muda, na vipindi vikawa vya kuchora na kutazama video. Nisingependa wazuiwe kuja, ila mwalimu aliyesomea kazi anapokosekana darasa lingepaswa kuahirishwa na fedha kurudishwa.

Ya tatu inaudhi zaidi kwa kuwa ni rahisi kuirekebisha. Njia nzima ya vibainishi inategemea rangi, lakini vitabu tunavyopewa ni nakala za fotokopi nyeusi na nyeupe, ambazo hulipiwa kando ya ada. Buluu, nyekundu na kijani zote zinakuwa kijivu. Mimi na binti yangu hukaa Jumapili tukipaka rangi upya kurasa za wiki inayofuata kwa kalamu, na ingawa kazi hiyo imemsaidia kukumbuka, si kila mzazi ana nafasi hiyo. Aidha, kitabu chenyewe kimetungwa kwa ajili ya watoto wa Ulaya, kimejaa theluji na vituo vya treni. Mwalimu hujaribu kuziba pengo kwa kuwapa mazungumzo ya kununua nyanya soko la Kilombero au kumuuliza kondakta nauli ya daladala, na masomo hayo ndiyo wanayoyakumbuka. Ningetamani yachapwe yawe kitabu.

Kwa mzazi anayeuliza kama saa hizo chache zinatosha, zinatosha ikiwa wiki haipiti kimya. Sisi tumeweka dakika kumi baada ya chakula cha jioni, siku za shule, ambapo binti yangu humuuliza baba yake kwa Kijerumani vitu vilivyo mezani. Katika nyumba isiyo na mzazi anayekijua, mwalimu hutuma sauti fupi za kurudia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, na nimeona watoto wa jirani yangu wakizitumia vizuri.

Binti yangu anaendelea, na akishatimiza miaka kumi tutamwandikisha kwa mtihani wa Fit in Deutsch wa A1, ambao Goethe-Institut imeuandaa kwa watoto na vijana wa miaka 10 hadi 16 na ambao hupima kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, sehemu ya mwisho ikifanywa kwa kundi. Tumekwisha kuanza kuweka akiba ya safari ya Dar es Salaam kwa ajili hiyo. Mdogo wake nimemtoa kwa sasa, na atarudi akifika darasa la tatu. Kama mtoto wako tayari anasoma Kiswahili bila kukwama, ninakushauri umpeleke. Kama bado, uliza kwanza iwapo kuna kundi la wadogo, omba ukae nyuma ya darasa kwa kipindi kimoja, na usilipe ada ya muhula mzima kabla ya kuona nani hasa atakayemfundisha.