Boss GE-7 kwenye gitaa la solo: uzoefu wangu

Napiga solo kwenye bendi ya taarab ya kisasa mjini Unguja, na msimu wa watalii tunaitwa pia mahotelini Nungwi. Tabu yangu wapiga solo wenzangu wanaijua. Nyumbani gitaa linalia vizuri, lakini ukifika ukumbini kuna vinanda viwili, besi inanguruma, kodiani nayo imo, na solo halisikiki. Ukiongeza sauti, mwimbaji anakukata jicho.

Dawa niliyoipata ni ikwalaiza ya miguuni, Boss GE-7, yaani pedali ya kupandisha au kushusha sehemu mbalimbali za mlio, kuanzia nzito mpaka nyembamba. Ina fida (vitelezi) saba, kuanzia 100 Hz, mlio mzito, mpaka 6.4 kHz, mlio mwembamba, kila moja mara mbili ya iliyotangulia, na kila fida inapanda au kushuka desibeli 15. Ya nane ni ya sauti yote.

Mpangilio wangu uko hivi: 100 naishusha sana, 200 kidogo, maana huko ni kwa besi na ngoma na gitaa halina la kutafuta. 400 siigusi. 800 naipandisha kidogo, 1.6 kHz ndiyo inayopanda kuliko zote, 3.2 kHz nusu yake, ili mguso wa pleki (kile kidude cha kupigia nyuzi) usikike kwenye zile noti za kudonoa moja moja. Sauti yote naongeza kama desibeli nne. Pedali naikanyaga zamu yangu ikifika, nikimaliza naizima.

Ukiujaribu mpangilio huu peke yako chumbani utauchukia, gitaa linalia kama mtu anayesemea puani. Usiubadilishe! Subiri bendi nzima ianze, ndipo utaona solo linavyopenya katikati ya vinanda bila kumpigia mtu kelele.

Kwa nyimbo za distoshen (pedali inayoukwaruza mlio wa gitaa), mahali unapoiweka GE-7 ni muhimu kuliko fida zenyewe. Ukiitanguliza kabla ya distoshen, mkwaruzo unazidi lakini mlio hauongezeki sana. Ukiiweka baada ya distoshen, mlio wenyewe ndio unaopanda, na mimi nataka hivyo. Ila hapo 6.4 ishushe, kwa sababu ule mchirizo wa distoshen ndiko uliko, na ukiipandisha unaupandisha nao.

Kuhusu matumizi ya kila siku: fida ni ndogo na zimebanana, kwa hiyo gizani stejini usitarajie kubadilisha kitu katikati ya wimbo. Mkobani husogea, nami naziwekea utepe. Halafu kuna hewa yetu ya chumvi, ambayo haina huruma na kifaa chochote. Ikikaa bila kutumika, fida hukwaruza ukizisogeza. Zipandishe na kuzishusha mara kadhaa kabla ya shughuli, na dawa ya kupuliza ya kusafishia saketi inasaidia.

Mwenye gitaa la kawaida lisilo la umeme (akustika) lenye pikapu, yaani kinasa mlio, naye atafaidi: likianza kuvuma kwenye spika, jaribu kushusha 100 au 200 kwanza.

Kwenye harusi za jenereta natumia betri ya volti 9, kwani adapta za bei poa huleta mvumo usiokwisha. Ukitumia adapta, iwe ya hasi katikati. Na ukimaliza kupiga, chomoa waya wa gitaa kwenye tundu la INPUT la pedali hata kama taa imezimika, la sivyo betri inaendelea kuliwa na kesho utaikuta imekufa.