Miezi saba kabla ya risasi ya kwanza: uzoefu wangu na CZ 457

Bunduki hii niliinunua mwezi wa pili, risasi ya kwanza nikaipiga mwezi wa tisa. Kama ningeandika haya wiki ile ya kwanza ningeisifu kwa moyo wote, na sifa nyingi zisingekuwa na msingi, maana nilikuwa naijua kwa macho na mikono tu.

Ni CZ 457 ya kaliba ndogo ya .22 LR, ya bolti (chuma unachokivuta kwa mkono kuingiza kila risasi), magazini ya risasi 5. Inatengenezwa Uherský Brod, Jamhuri ya Cheki, kwenye kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1936. Bolti yake inazunguka nyuzi 60 tu, kwa hiyo mkono unapita chini ya darubini ya kulengea iliyofungwa juu bila kuigusa. Hilo nililiona palepale dukani na bado nalipenda.

Kuna kusubiri kunakowekwa na sheria. California, kwa mfano, mnunuzi hungoja siku 10 kabla ya kukabidhiwa silaha. Mimi kibali kilikuwa tayari na bunduki nilikabidhiwa siku ileile. Kusubiri kwangu kulianza baada ya kufika nayo nyumbani, na huku hakuna anayekuhesabia siku. Kwanza uwanja wa shabaha ulidai kila mwanachama mpya apite mafunzo ya usalama, na darasa lilikuwa limejaa. Nilipopata nafasi, mwalimu akaumia mgongo. Aliporudi, mimi nikawa nimebanwa na kazi. Mwezi mmoja ukazaa mwingine.

Kosa langu la kwanza lilikuwa mahali pa kuhifadhia. Niliiacha ndani ya begi lake lenye sponji, nimelifungia kabatini kwa kufuli, nikaamini iko salama. Salama dhidi ya mikono ya watu, ndiyo. Dhidi ya unyevu, hapana. Sponji hunyonya unyevu na kuukalisha juu ya chuma. Mwezi wa tano nilipoifungua nilikuta vidoa vya kutu karibu na mdomo wa mtutu na kimoja kwenye mkono wa bolti. Vilitoka kwa kusugua taratibu na kitambaa chenye mafuta, ila rangi ya chuma pale haijarudi kama ilivyokuwa. Iliniuma sana. Sasa inakaa kwenye sefu, imesimama wazi, imepakwa mafuta membamba, na kila mwezi naitoa kuikagua.

La pili ni risasi. Nilinunua boksi 10 za risasi 50 za aina moja, zile za kasi kubwa, kabla sijajua mtutu wangu unapenda nini. Kila mtutu una risasi yake, na kwa .22 LR tofauti hujionyesha wazi. Risasi ya kasi kubwa hutoka mdomoni ikiwa imeupita mwendo wa sauti, kisha ikipungua kasi njiani huurudia mwendo huo, na hapo huyumba. Ya kasi ya kawaida hubaki chini yake tangu mwanzo. Dukani hawapokei risasi zilizokwisha kutoka nje. Ningenunua boksi moja moja za aina nne nizijaribu, nisingekuwa na akiba nisiyoitaka.

Lakini miezi ile haikupotea yote. Karibu kila jioni nilifanya mazoezi ya kufyatua tupu kwa dakika kumi: risasi zote ziko chumba kingine, chemba, pale risasi inapokaa, nimeikagua kwa jicho na kwa kidole, mtutu umeelekea ukuta mnene. Nilitumia risasi bandia za plastiki, kwa sababu kwenye kaliba ya namna hii pini hugonga ukingo wa ganda, na chemba ikiwa tupu kuna bunduki ambazo pini yake huishia kugonga chuma cha chemba. Nilijifunza mahali shavu langu linapokaa, na jinsi ya kuibana triga bila alama ya katikati kutikisika.

Siku yenyewe ikafika. Kabla ya yote mwalimu alinitaka nitoe bolti, akachungulia ndani ya mtutu.

“Uliusafisha?”

“Bado, mzee. Si mpya?”

“Mpya ndiyo unaosafishwa, kijana wangu. Una mafuta ya kiwandani humo, na miezi saba huwezi kujua kimeingia nini.”

Vitambaa vitatu vya kwanza vilitoka vyeusi. Akavaa vizibo vya masikio, nami nikavaa vyangu, miwani pia, nikalala kwenye mkeka. Mita 50. Risasi 5 za kwanza zilipiga chini ya shabaha kama sentimita 14. Hilo halikunishtua, darubini ilikuwa haijalinganishwa. Kila mgeuzo mmoja mdogo wa kitufe chake, ule unaolia “tik”, ulipaswa kusogeza risasi kama milimita 3.6 kwa umbali ule, kwa hiyo nikahesabu 39 kwenda juu.

Hazikusogea. Nikapiga tena 5, palepale chini. Nikaongeza “tik” 10, bado. Kisha risasi moja ikaruka juu ya karatasi kabisa, iliyofuata ikarudi chini. Nilidhani ni mimi, au ni mtutu. Mzee hakubishana nami. Alikagua skrubu zote, zilikuwa zimekaza, akafungua darubini yangu na kuweka yake. Baada ya kuilinganisha nikapiga 5 kwa risasi zake za kasi ya kawaida, na matundu yote matano yalitosha kufunikwa na kifuniko cha chupa ya soda. Na zile zangu za kasi kubwa? Zilitawanyika karibu mara mbili ya hapo.

Bunduki haikuwa na kosa lolote. Darubini ndiyo ilikuwa mbovu tangu ilipotoka kwenye boksi, na miezi saba nilikuwa nachungulia ndani yake kila jioni, kioo safi, picha angavu, nisione kitu. Ubovu wa namna ile hautokei mpaka mrindimo wa risasi uutikise. Duka nililoinunulia linapokea vitu kwa siku 30 tu. Nilikwenda na risiti, nikasikilizwa kwa heshima, nikarudi nayo mkononi.

Kwa hiyo CZ 457 naipa nyota 5 bila kusita: triga safi, inayorekebishika, na usahihi wake nimeuona kwa macho. Ila kwa anayekaribia kununua, ombi langu ni moja: weka nafasi ya uwanja kabla hujalipa. Soma karatasi ya duka ujue una siku ngapi za kurudisha, kisha hakikisha umepiga ndani ya siku hizo bunduki ikiwa na kila kitu ulichokifunga juu yake, hata kama ni risasi 20 tu na unaondoka.

Darubini ya pili niliifunga Jumatano. Kufikia Jumamosi mchana ilikuwa imeshatikiswa na risasi 60, na kila “tik” ilisogeza pale nilipotaka.