Nissan Leaf ya mtumba Mtwara: joto ndilo linalomaliza betri

Yangu ni Leaf, gari la umeme la Nissan, ya kizazi cha kwanza, betri ya kWh 24, ya mtumba kutoka Japani. Kwa mizunguko ya mjini, Shangani hadi Mikindani na kurudi, nalipatia alama zote. Lindi ni habari nyingine. Uniti moja ya LUKU (yaani kWh moja) inanipa kilomita 6 hadi 7. Betri ikionyesha vijiti 9 kati ya 12 vya uzima kwenye dashibodi, imebakiwa na takriban theluthi mbili ya uwezo wake, na Lindi iko zaidi ya kilomita 100. Washa AC, pakia watu wanne, utajikuta Mingoyo, kabla ya kufika, unaomba soketi.

Vijiti navyo visikudanganye. Wapo wauzaji wanaovirudisha 12 kwa kompyuta, betri ni ileile. Kabla ya kulipa chomeka kifaa cha OBD (cha kusoma kompyuta ya gari), fungua programu ya LeafSpy kwenye simu, endesha gari mpaka chaji ishuke vizuri, kisha tazama tofauti ya volti kati ya seli, vile vijibetri vinavyounda betri kubwa. Ndani kuna jozi 96 za seli zilizofuatana kama mnyororo. Moja ikichoka, gari linakata mapema hata kama 95 ni nzima. Tofauti ikipita milivolti 100, punguza bei kwa gharama ya moduli (kifurushi cha seli) au achana nalo.

Betri hii haina maji ya kuipoza. Maji yaliyomo kwenye gari hupoza mota na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota), si betri. Kwa jua letu, mwenye gari ndiye anayebeba kazi hiyo. Siegeshi gari juani likiwa limejaa chaji, wala sichaji nikiingia tu nyumbani mchana. Naliacha chini ya mwembe hadi usiku, nachaji mpaka asilimia 80, na 100 nangoja asubuhi ya safari. Kushusha hadi sifuri na kulilaza hivyo ni kosa lilelile kwa upande wa pili.

Soketi ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Chaja ya nyumbani huvuta ampea 10 au zaidi kwa saa nyingi mfululizo, si kama pasi. Fundi avute waya wa milimita 2.5 moja kwa moja kutoka kwenye meinswichi, pamoja na waya wa ethi, bila ekstensheni. Baada ya nusu saa gusa plagi: vuguvugu ni sawa, ikikuunguza, zima. Mara nyingi skrubu zimelegea au chumvi ya bahari imekula shaba.

Chumvi hiyohiyo hula vichwa vya betri ndogo ya volti 12, na ajabu ni kwamba mara nyingi betri hii ndiyo hukwamisha gari, si ile kubwa. Ikifa, gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa. Kila mwezi napima kwa mita asubuhi kabla ya kuwasha gari: 12.6 ni nzuri, chini ya 12.2 naichaji. Unga mweupe kwenye vichwa nausugua kwa brashi na maji ya moto yenye magadi, nakaza kwa spana namba 10, napaka grisi.

Oili ya injini hakuna, ila oili ya breki na ya giaboksi zipo, zikaguliwe. Nyaya za rangi ya chungwa, zile za umeme mkubwa, usiguse, wala usimruhusu fundi wa mtaani azifungue.