Rangi ya chaki kwenye vitu vya mitumba: uzoefu wangu

Anayepamba nyumba kwa vitu vya mitumba hasumbuliwi sana na uhaba wa vitu. Kinachomsumbua ni kwamba haviendani. Fremu ya plastiki iliyopakwa dhahabu bandia, kinara cha chuma chenye kutu, trei ya mbao iliyopauka, mtungi wa kioo uliokuwa na jemu, droo iliyookolewa kwenye kabati lililovunjika: ukivipanga ukutani na mezani jinsi vilivyo, sebule inafanana na stoo. Rangi ya chaki ndiyo iliyonitatulia jambo hilo. Nimeitumia ya dukani na ya kuchanganya mwenyewe, na sasa naweza kusema bila wasiwasi ni wapi inastahili sifa zake na ni wapi maneno ya kwenye kopo yanazidi kazi yake.

Rangi hii ilianza na Annie Sloan wa Uingereza, aliyeitengeneza mwaka 1990 akitaka rangi moja itakayoshika kwenye samani za kila aina bila kazi ndefu ya kuzikwangua kwanza. Jina Chalk Paint ni alama yake ya biashara, ndiyo maana watengenezaji wengine huandika tu kwamba yao ni ya mtindo wa chaki. Kinachoitofautisha na rangi ya kawaida ya maji ni wingi wa unga uliomo ukilinganisha na gundi inayoushikilia unga huo. Ikikauka huacha uso wenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na mwanga ukiupiga hutawanyika kila upande. Ndipo tunapata ile sura isiyong'aa hata kidogo.

Kwangu mimi sura hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuinunua. Mng'ao ndio unaotangaza kwamba hiki ni plastiki na kile ni chuma. Ukiuondoa, jicho linabaki na umbo peke yake. Fremu yenye nakshi nyingi ambayo dhahabu yake ilikuwa inaumiza macho, ikipakwa rangi ya majivu isiyong'aa, nakshi zake zinaanza kuonekana kama kazi ya mkono. Nina ukuta mmoja wenye fremu za plastiki, za mbao na za bati, kubwa kwa ndogo, zote zimepakwa kutoka makopo mawili tu, na wageni huuliza nilizinunua wapi zikiwa seti. Ushauri wangu ni uleule kila mara: chagua rangi mbili, ukizidi sana tatu, halafu zirudie kwenye kila kitu unachokitengeneza. Kinachofanya vitu vya asili tofauti vionekane ndugu ni kurudiwa kwa rangi, na mtu mwenye makopo kumi ya rangi tofauti atapata tabu zaidi kuliko mwenye mawili.

Haishiki sawa kila mahali, na hapa kopo halisemi kila kitu. Mbao ghafi na vyungu vya udongo vinainywa vizuri sana. Mbao yenye vanishi ya zamani inakubali. Chuma kinakubali pia, ila kutu lazima iondolewe kwa brashi ya waya na kuzuiwa kwa andakoti ya chuma (rangi ya kwanza ya chini), maana rangi hii ina maji na kutu itapenya juu kwa madoa ya kahawia. Plastiki na fomaika zinahitaji msasa mwepesi, wa namba 220 hivi, kuua ule ulaini. Kioo ndicho kigumu kuliko vyote: rangi inakaa na inapendeza, lakini ukucha unaitoa. Mitungi na chupa napaka nje tu, kwa ajili ya maua makavu au matawi, na siweki rangi hii mahali popote ambapo maji yanakaa, chakula kinagusa au mtu ataweka mdomo.

Sasa lile dai maarufu la kwamba hakuna maandalizi. Silikubali. Msasa unaweza kuuruka mara nyingi, lakini kuosha huwezi kuruka. Kitu cha mitumba kimeshikwa na mikono mingi, na kama kilitoka jikoni kina mafuta yaliyogandamana usiyoyaona. Maji ya vuguvugu na sabuni, kisha kufuta kwa maji safi, kisha kuacha kikauke kabisa. Kazi hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama rangi itadumu au itabanduka. Samani zilizokuwa zikipuliziwa dawa za kung'arisha zina shida yake, kwa sababu dawa nyingi za aina hiyo huwa na silikoni, na rangi ikiwekwa juu yake hujikunja na kuacha macho madogo. Ukiona hivyo, acha kupaka, osha upya, na ikikataa tena weka koti (tabaka) moja ya shelaki katikati. Shelaki ni aina ya vanishi; hutokana na utomvu wa mdudu mdogo, huyeyushwa kwa spiriti, na hukauka haraka mno.

Shelaki hiyohiyo ndiyo dawa ya tatizo jingine linalowashangaza wengi: unapaka nyeupe juu ya kabati la mkangazi au mwaloni, kesho yake unakuta madoa ya waridi au ya njano. Mbao hizo zina tanini, kemikali ya asili inayoacha madoa, na maji ya rangi huiyeyusha na kuivuta juu. Kuongeza koti ya tatu na ya nne ya nyeupe hakusaidii, kwa kuwa kila koti inaleta maji mapya. Ziba kwa shelaki isiyo na rangi, kisha endelea.

Kuna jambo moja ambalo naomba kila anayenunua vitu vya zamani alichukulie kwa uzito wote. Rangi za zamani mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Marekani ilizipiga marufuku kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, Uingereza ilichelewa hadi 1992, na kwingine zimeendelea kuuzwa hata baada ya hapo. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kwa hiyo kiti au kabati la zamani lenye rangi inayobanduka usilipige msasa mkavu ndani ya nyumba, kamwe. Kuna vipimo vidogo vya kusugua juu ya rangi ambavyo hubadilika rangi vikigusa risasi. Kama huna, hesabu kwamba imo. Sifa moja ya kweli ya rangi ya chaki ni kwamba inakaa juu ya rangi ya zamani iliyo imara bila kuichokonoa, na kwa usalama hilo ni jambo jema sana. Lakini mtindo wa kukwangua kingo zionekane zimechakaa usiufanye kwenye kitu cha namna hiyo.

Kwenye vitu salama, mtindo huo ni raha tupu. Unapaka rangi ya kwanza, ikikauka unasugua kipande cha mshumaa kwenye kingo na kwenye nakshi zilizochomoza, kisha unapaka rangi ya pili. Palipopita mshumaa, rangi ya pili haishiki, na msasa mwepesi unaifungua ya chini hapo tu. Sugua pale ambapo mkono ungeshika kweli: kingo za trei, karibu na kipini cha droo, ncha za miguu ya stuli. Ukikwangua katikati ya ubao mtupu, jicho linagundua mara moja kwamba uchakavu ni wa kubuni.

Inakauka haraka, na hilo lina faida na hasara. Faida ni kwamba koti mbili za fremu unazimaliza asubuhi moja. Hasara ni alama za brashi kwenye uso mpana, kwa sababu rangi inaanza kushika kabla hujarudi upande ule. Ongeza maji kidogo, paka nyembamba, usirudie ulipokwisha pita. Tena, gundisha kwanza, paka baadaye. Watu wengi hupaka vipande, kisha huviunganisha kwa gundi ya moto. Gundi ikishika juu ya rangi, nguvu ya kiungo ni ile ya rangi, na trei inabanduka mkononi na ngozi yake ya rangi imeng'ang'ania gundi. Kitu kizito, kama sahani ya kioo inayowekwa juu ya kinara iwe stendi, kinataka gundi ya epoksi. Gundi ya moto hulainika juani na karibu na taa.

Nafika kwenye sehemu ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayogawa kazi nzuri na ya kujutia: kinga ya juu. Ule uso wenye vitundu unaopendeza ndio huohuo unaonyonya mafuta ya vidole na kila kinachomwagika, kwa hiyo rangi ya chaki bila kinga ni kazi nusu. Wauzaji wengi hukupa nta pamoja na kopo. Nta inapendeza kuliko kitu kingine chochote. Inakoleza rangi kidogo na kuupa uso ulaini wa kushika. Kwa fremu, vinara vya mapambo, vioo vya ukutani na masanduku ya vito sitaki kingine. Paka nyembamba kwa kitambaa, ondoa inayozidi, kisha ipe wiki kadhaa ikomae kabla hujakishughulisha kitu. Nta ya rangi ya giza usiiweke juu ya rangi tupu, itaingia na kuacha mabaka; tanguliza isiyo na rangi.

Lakini nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, na hulainika kabla ya kufika hapo. Kikombe cha chai kina joto zaidi ya hilo. Trei, meza ndogo na rafu ya bafuni havifai kupewa nta, hata muuzaji aseme nini, na hilo lilistahili kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye kila kopo. Vitu hivyo vipe vanishi ya maji isiyong'aa, koti mbili nyembamba. Vanishi ya mafuta ni imara pia, ila inageuka njano kadiri miaka inavyokwenda, na juu ya nyeupe inaonekana. Amua mapema, kwa kuwa vanishi haishiki juu ya nta, na kuiondoa nta yote ni kazi ya kuchosha. Kama kinga yako ina mafuta ya kitani, vitambaa ulivyotumia usivikunje na kuvitupa kwenye ndoo: mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Vitandaze nje vikauke, au viloweke majini.

Ya kuchanganya mwenyewe je? Inafanya kazi, na kwa fremu na chupa sioni tofauti kubwa. Sehemu 1 ya unga kwa sehemu 3 za rangi ya maji isiyong'aa, unga ukorogwe kwanza na maji kidogo uwe uji usio na madonge. Unga wa jasi (plasta ya Paris) unatoa uso mgumu na mzuri, ila jasi huganda ikikutana na maji, kwa hiyo changanya ya kutosha kazi ya saa hiyo tu. Unga wa chaki wenyewe, yaani kalsiamu kaboneti, haugandi na unaweza kuhifadhi uliyobakiza. Mimi nimebaki na huo. Magadi soda yanayosifiwa sana yaliniachia chembechembe. Funika pua unapomimina unga wowote kati ya hizo. Kwa samani kubwa yenye kutumika kila siku bado nachukua ya dukani, kwa sababu gundi yake imepimwa na inafunika kwa koti chache.

Na kabla hujafungua kopo lolote, kwangua kidogo chini ya kitu mahali pasipoonekana. Ukikuta mbao nzima yenye mistari mizuri chini ya vanishi iliyochakaa, isafishe na uipe mafuta tu. Rangi ikishaingia kwenye vinyweleo vya mbao ya namna hiyo, haitoki yote.