Klachi otomatiki kwenye pikipiki ya porini: miezi 14 na mkono wangu mbovu

Sikufunga klachi otomatiki ili niwe na kasi. Niliifunga kwa sababu kifundo cha mkono wangu wa kushoto kilivunjika, na tangu kilipounga hakijarudi kuwa kile cha zamani. Kwenye makorongo ya Monduli Juu, pikipiki yangu, KTM 250 EXC-F, inakudai klachi kila hatua. Nikitoka Arusha alfajiri, saa nne vidole vimeshakufa ganzi, na wenzangu ndiyo kwanza wanachangamka.

Nilichonunua ni klachi ya kampuni ya Rekluse, inayotoka Boise, jimbo la Idaho, Marekani. Wazo lenyewe si geni kwetu. Aliyepanda Honda C50 au C70 ya mzee wake anajua: unakanyaga gia unaondoka, klachi ya mkono haipo. Honda walianza kuuza Super Cub mwaka 1958, na husimuliwa kwamba mzee Soichiro Honda alitaka hata kijana anayepeleka tambi kwa wateja aiendeshe kwa mkono mmoja, mwingine umebeba chakula. Hii ya porini imejengwa juu ya nguvu ileile ya mzunguko. Kati ya pleti za klachi kuna diski yenye vipande vidogo vya chuma. Injini ikiwa imetulia, springi zinavizuia visitoke, pleti zinabaki zimeachiana. Ukivuta moto, yaani ukizungusha mshikio wa mafuta, vinasukumwa kwenda nje, diski inanenepa, pleti zinabanana, chombo kinaondoka. Gia bado ni kazi ya mguu wako. Nasema hivi kwa sababu kila ninayekutana naye anadhani nimepata kitu kama Honda Africa Twin yenye DCT, ile inayojibadilia gia. Hapana. Hata leva ya klachi iko palepale, ukiitaka unaibana.

Siku niliyoielewa kweli ilikuwa kwenye korongo lenye ngazi ya mawe, moja linafika magotini. Hapo ndipo nilipozoea kuaibika: tairi la mbele linagonga, injini inazima, natafuta ardhi kwa mguu, mguu haufiki, naenda chini upande wa bondeni na pikipiki juu yangu. Safari hii tairi liligonga, pikipiki ikasimama, lakini injini ikaendelea kunguruma taratibu, gia ikiwa namba moja na vidole vyangu havijagusa klachi. Nikaegemeza mguu kwenye jiwe. Nikapumua. Nikaangalia kushoto nikaona kijia kati ya mawe mawili ambacho miaka yote sijakiona, maana miaka yote nilikuwa na shughuli ya kuanguka. Nikavuta moto kidogo tu, ikainuka kama mtu anayenyanyuka kitini. Nilicheka peke yangu ndani ya helmeti.

Sasa mabaya yake, na mengine niliyalipia.

Ukizima injini, klachi inaachia na gia haishikilii kitu. Tumezoea kuegesha mlimani na gia namba moja, basi. Mimi niliegesha hivyo, nikageuka kuchukua maji begini, nikasikia mawe yanaserereka. Tuliitoa kwenye mgunga tukiwa watu watatu, na miiba niliendelea kuichomoa kwenye kiti hadi nyumbani. Tangu hapo kipande cha mpira wa tyubu kinakaa kwenye usukani. Nikisimama nafunga nacho breki ya mbele.

Kuwasha kwa kusukuma pia usahau, na pikipiki yangu haina kiki. Betri ikifa njia ya Engaruka, utasukuma mpaka jua lizame na injini haitageuka hata mara moja. Nabeba betri ndogo ya kubustia, na kwangu hiyo ni sehemu ya bei ya klachi.

Kushuka kunataka kujifunza upya. Moto ukiwa juu kidogo, injini inazuia kama kawaida. Ukiuachia ukashuka kabisa, klachi inaachia na unajikuta unateleza bure, breki peke yake ndiyo inayokushikilia. Dawa ni kugusa moto kidogo ili ishike tena, jambo ambalo mwili unalikataa kabisa ukiwa unatazama chini ya genge. Ilinichukua wiki kadhaa kuuzoeza.

Fundi aliyenifungia mara ya kwanza ni hodari wa injini, lakini hii hakuwahi kuiona na aliifunga kwa kubahatisha. Safari ya pili nikasikia harufu ya pleti zinaungua. Kipimo chenyewe ni rahisi kiasi cha kuudhi: unazungushia rababendi kwenye leva na mshikio ili iondoe ulegevu, unaweka nyutro, unapiga resi. Leva ikisogea kuelekea mshikio kama milimita 3, uko sawa. Isiposogea, klachi inateleza na kuungua. Ikisogea mno, pleti haziachiani vizuri na nyutro inakuwa ngumu kupatikana. Sasa napima mwenyewe kila asubuhi ya safari, injini ikishapata moto, na oili ni ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, si ile ya gari. Mlima mkali naupanda kwa gia namba moja au mbili. Ukiung'ang'ania kwa gia kubwa unapika pleti.

Bei? Ukijumlisha usafirishaji na ushuru, ningepata bodaboda iliyotumika ya kumpa kijana akaniletea hesabu kila jioni. Mwenye mikono mizima anayependa kuchezea klachi simshauri atumie hela hizo. Akitaka kuruka gogo kwa kuiachia klachi ghafla, ataona kama ananyimwa kitu.

Mimi Jumamosi iliyopita nilirudi nyumbani saa kumi na moja jioni na nikafungua kamba za buti kwa mikono yote miwili. Zamani alikuwa ananifungulia mwanangu.