Neti ya dawa ya kampeni: nyota 4, ila soma pakiti kwanza

Naanza na maksi kabisa ili asiye na muda aishie hapa. Neti ya dawa, zile zinazogawiwa bure kwenye kampeni za malaria, naipa nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja nimekata sio kwa sababu ya neti yenyewe, nimekata kwa ajili ya wanaogawa, maana unakabidhiwa pakiti unaambiwa "hakikisha unalala ndani ya neti" halafu basi, wameenda nyumba inayofuata. Umepewa ya aina gani hakuna anayekwambia, na neti za siku hizi hazifanani hata kidogo.

Wengi tunaichukulia neti kama ukuta tu wa kumzuia mbu. Sawa inamzuia, lakini mwenye kazi kubwa pale ni dawa iliyoko kwenye nyuzi, mbu anatua juu ya neti akitafuta pa kupenyea, anakanyaga dawa, anakufa, na kesho hayupo wa kumng'ata mtu mwingine. Ndo maana mtaa wenye neti nyingi hata asiyelala kwenye neti anafaidika kidogo. Watafiti walishapiga hesabu kwamba kati ya mwaka 2000 na 2015 Afrika iliepuka wagonjwa wa malaria kama milioni 663, na asilimia 68 ya hao ni kwa sababu ya neti za dawa. Nitajie kitu kingine cha bure ndani ya nyumba yako chenye rekodi kama hiyo.

Shida ni kwamba mbu nao hawajalala. Dawa ya zamani ni ya jamii ya pairethroidi, kwenye pakiti utakuta deltamethrini au pamethrini au alfasaipamethrini, imetumika miaka mingi mno na sehemu nyingi mbu wameshakuwa sugu, wanaikanyaga na wanaondoka zao. Wakaja na neti zenye PBO, hii PBO kwa kawaida haiui mbu yenyewe, inachofanya ni kuzima vile vimeng'enya ambavyo mbu sugu anatumia kuvunja dawa mwilini mwake, kwa hiyo dawa ya zamani inapata nguvu tena. Halafu kuna hizi za dawa mbili, pairethroidi pamoja na klofenapiri, ambazo WHO walizipigia debe rasmi Machi 2023. Zilijaribiwa Misungwi kule Tanzania na ndani ya miaka 2 malaria kwa watoto ilikuwa chini kwa asilimia 44 ukilinganisha na waliopewa neti za dawa ya zamani peke yake. Sasa hiyo sio tofauti ndogo jamani! Ndo nasema soma pakiti.

Na hapa kuna lawama moja nataka niifute. Watu wanazilalamikia hizi za klofenapiri eti hazifanyi kazi kwa sababu asubuhi hawaoni mbu waliokufa chini. Klofenapiri haipigi mishipa ya fahamu kama ile ya zamani, inaenda kuharibu uzalishaji wa nguvu ndani ya mwili wa mbu, kwa hiyo anaweza kuruka akaenda akafia mbele huko, wakati mwingine hadi siku 3 baadaye. Humwoni, ila kafa. Mgawaji angesema sentensi hii moja tu watu wasingezikunja wakazitupa stoo.

Kuhusu kulalia. Za poliesta ni laini, zile za plastiki (polithini) zinakwaruza kidogo ila ni ngumu kuchanika. Ya duara inataka sehemu moja tu ya kufunga lakini ndani inabana, mkono unagusa neti na mbu anaweza kukufaidi kupitia tundu. Mimi nachukua ya pembe nne, usumbufu wa kufunga kamba nne ni wa siku moja. Rangi pia ina maana, nyeupe inaonesha uchafu upesi, utaifua kila mara na dawa inaisha, ya bluu au kijani inavumilia. Joto lipo, siwezi kudanganya, hewa inapungua kweli.

Kabla ya kuitumia itandaze kivulini saa 24, hilo wengi wanaruka halafu wanawashwa uso na kupiga chafya wanasema neti ina sumu. Kufua ni sabuni ya kawaida, jiki hapana, na uanike kivulini maana jua linakula dawa. Maji ya kufulia usimwage mtoni au bwawani, pairethroidi inaua samaki vibaya sana.

Kwenye pakiti utasoma miaka 3 na kufuliwa mara 20. Hapo kwenye miaka wamejipendelea, huko majumbani nusu ya neti zinakuwa zimeshaachwa kabla hata ya miaka 2, zinachanika pale chini zinapochomekwa kwenye godoro. Shona tundu mapema. Na mshumaa au koroboi isikae karibu, poliesta inashika moto haraka.

Isichoweza: dengi. Yule mbu wa dengi anauma mchana wakati wewe uko kwenye mihangaiko yako, neti itamsaidia mtoto anayelala mchana au mgonjwa kitandani, wengine hapana. Na kama unakaa nje mpaka usiku wa manane mbu wa malaria anakukuta hukohuko. Na neti msiipime kwa kunguni, mwanzoni walikuwa wanakufa, siku hizi wengi ni sugu, watu wakiona kunguni wamerudi wanasema neti imekwisha kumbe kwa mbu bado inafanya kazi.

Ya zamani usiitoe mpaka mpya iwe imefungwa, hata ikiwa na matundu bora hiyo kuliko kulala wazi. Na ule mfuko iliyokujia usiwekee unga wala nguo za mtoto, una mabaki ya dawa.